Kijani Kisichokuwa Ukutani

Kazi moja, Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita, 1975

Nimechunga udongo mwekundu tangu jua kutoka. Mara tatu. Mara mbili haitoshi, mawe madogo yanabaki, halafu ukuta unakuwa kama ngozi ya mutu mwenye upele. Mukamwana wangu Mbuyi, muke wa mwanangu Ilunga, alipita na ndoo, akaniangalia kama ninacheza. Aangalie tu. Mvua imekwisha, baridi imeingia, ni wakati wa kupaka nyumba. Mama yangu alipaka kila baridi, kule kijijini nyuma ya Mulungwishi, mpaka mwaka aliokufa. Sitaacha eti kwa sababu sasa nakaa nyumba ya Kampani ya mugodi.

Nyumba za kambi hii zote sawasawa. Nyeupe chini mpaka juu, mulango kijani, dirisha kijani. Mulevi akirudi anaingia kwa jirani, anavua viatu, anadai chakula. Ya kwetu haipotezi mutu.

Kazi ine, tarehe 5

Nyekundu imekauka vizuri. Nimeacha miraba kumi na miwili katikati yake, kila mumoja upana wa sahani. Leo nimeijaza manjano. Udongo wa manjano nauchimba mwenyewe kando ya njia ya Kamatanda. Simutumi mutu. Watu wanaokota kinachong'aa tu, na udongo unaong'aa haufai kitu.

Mbuyi anasema chokaa ya bure iko ku Kampani, mbona najichosha. Nikamujibu chokaa ni ya choo.

Kesho mistari.

Posho, Jumamosi, tarehe 7

Nimemaliza.

Makala ya jikoni ya kusagwa, maji ya muhogo, nyoya la kuku lililochongwa. Mustari mweusi, nafasi ya manjano. Mustari, nafasi. Mwembamba kama uzi. Uzi wenyewe siuoni tena. Sindano ananiingizia Mbuyi, naye anafikiri ni uvivu wangu. Mbali naona vizuri, hata ndege juu ya bomba la kiwanda. Karibu ndiko kumekufa. Lakini mustari sichori kwa macho. Naweka kidole kidogo cha kushoto, nyoya linafuata kidole, polepole. Siku mbili nzima nimepiga magoti. Habari ya macho simwambii mutu. Wataanza kunishika mukono njiani kama kikapu cha mayai.

Jioni akapita Mulumba, yule anayechora tableaux, picha za ukutani, juu ya gunia la unga na kuwauzia makarani. Akasimama barabarani, akaniita kama anamuita bibi yake.

"Nkambo, hii vert umeitosha wapi? Hii kijani umeipata wapi?"

Nikamwambia njoo uone. Akaja. Hatua kumi, kijani kipo. Hatua tano, kinaanza kukimbia. Pua ikafika ukutani, akapangusa macho. Hakuna kijani. Manjano na nyeusi, basi, na nyekundu kuzunguka. Akarudi mpaka barabarani, kijani kikarudi. Akaja tena. Akaenda tena. Mutu muzima na ndevu zake, anakwenda na kurudi kama mbuzi wa kamba.

Alisema Lubumbashi, kwenye shule ya kuchora, wanafundisha jambo hilo. Jicho ndilo linalochanganya rangi, na nyekundu inamusukuma jirani yake aende upande wa kijani. Wanalipa karo kwa ajili ya hilo. Miye nilifundishwa na mama yangu kwa makofi.

Nimefurahi. Hakuna mwanamuke mwingine kambini anayeweza. Miye mumoja tu.

Kazi mbili, tarehe 10

Ilunga amerudi toka kazini bila kusalimu. Mwanangu ndiye magazinye, funguo za ghala la rangi ziko mifukoni mwake mwaka wa sita sasa. Leo wamekagua ghala. Bidoni za kijani, yale madebe ya rangi, hazionekani. Kijani cha milango ya kambi, kile kilichochoka, kama nguo ya askari iliyofuliwa sana. Wakubwa wanakuja kutoka Kinshasa mwisho wa mwezi na milango yote ilikuwa ipakwe upya.

Ilunga hakuiba. Namujua. Alipokuwa mudogo akichovya kidole kwenye sukari, pua ilitoka jasho kabla sijauliza.

Hakula. Mbuyi alifunika sahani yake.

Kazi tatu, tarehe 11

Gari la walinzi lilisimama mbele ya nyumba, kule barabarani. Halikuzima moto. Shefu wa walinzi akashusha kioo akatazama ukuta wangu. Miwani nyeusi, asubuhi ya baridi. Nilifikiri anapendezwa. Nikaketi wima, nikavuta kitenge vizuri, nikamupungia na mukono.

Mujinga miye.

Saa nane wakamuita Ilunga ofisini. Wanasema kijani cha ghala kiko ukutani kwa mama yake, kambi nzima inakiona.

Kazi tano, tarehe 13

Shefu amekuja kwa miguu, na walinzi wawili nyuma. Nikasema vizuri, leo ataona mwenyewe, atacheka, yataisha. Alisogea mpaka ukutani. Akapitisha kidole. Kidole kikatoka na makala. Akatazama manjano, akatazama nyeusi. Nikangoja acheke kama Mulumba.

"Mama, umefuta," akasema. "Kazi tatu ilikuwa vert. Leo akuna. Umefunika vert yetu na matope."

Nikamuita mwananchi, kama serikali inavyotaka: "Rudia nyuma, sitwayen, utaiona."

Akasema yeye si mutoto wa kuchezeshwa mbele na nyuma. Akaandika. Akaondoka akitazama karatasi yake mpaka barabarani. Pale angegeuka mara moja tu. Nilisimama nikimwangalia mugongo, nikisema moyoni geuka, geuka weye kichwa cha jiwe. Hakugeuka.

Sasa sisi ni wezi mara mbili, wa kuiba na wa kuficha. Ilunga amesimamishwa. Barua inasema kazi tano ijayo tuwe tumetoka. Nyumba ya Kampani inakaa na kazi ya Kampani. Kazi ikiisha, godoro barabarani. Sisi ni watu saba.

Ukuta wangu ndio uliofanya hivi. Nimeandika mara moja. Sitarudia.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Kanisani walituachia benchi zima. Wiki iliyopita benchi hilo walikaa watu tisa na mimba moja.

Nyumbani Mbuyi alisema mbele ya watoto: "Mama, kwaruza huu ukuta. Enda uombe musamaha."

Nikamwambia nikikwaruza nimekubali kwamba mwanangu ni mwizi. Akasema kiburi changu kitawalalisha watoto wake inje. Nikamujibu vibaya. Nilimwambia watu wake waliletwa huku na treni ya kazi kutoka Kasai, hawana ukuta wa kukumbuka. Amezaa watoto wanne katika nyumba hii. Mumoja ana jina langu. Nikasema hivyo hata hivyo.

Hakulia. Akaenda kupika bukari, ugali wetu. Baadaye nilichukua nguo ya kushona, nikawa nalamba uzi na kukosa tundu. Akaja, akachukua sindano mukononi mwangu, akaingiza uzi, akanirudishia. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kiburi ninacho. Ni kweli. Lakini ukuta sikwaruzi.

Kazi moja, tarehe 16

Nimekwenda ofisini na Mulumba. Alijitolea mwenyewe, akavaa shati la Pasaka. Akasema Kifaransa kirefu, anachora hewani kwa vidole, jicho hivi, mwanga hivi. Shefu alisikiliza mpaka mwisho, mikono tumboni. Halafu akamuuliza yeye rangi za tableaux zake anazipata wapi.

Mulumba akakumbuka ana kazi nyumbani.

Simulaumu. Kosa ni langu kupeleka maneno. Rangi haisikiwi kwa masikio.

Kazi mbili, tarehe 17

Nimeketi kwenye ngazi ya ofisi tangu asubuhi. Walinzi walisema toka. Nikawaambia mama zenu wangekuwa hapa mungewaambia toka? Wakaangalia viatu vyao.

Karibu na saa sita akatoka mukubwa wa wafanyakazi, muzee mwenye fimbo, goti lake moja liliharibika shimoni zamani. Hata marehemu mume wangu alimuheshimu. Akasimama.

"Mama, unangoja nini hapa?"

"Nangoja weye. Iko bantu banasema nimeiba vert. Nitapaka mbele yako, hapa mu lupango yenu, mu kiwanja hii, na udongo wangu. Kama ukiona vert toka mbali, tafuta bidoni chini ya kitenge changu."

Walinzi wakacheka. Yeye hakucheka, lakini sharubu zilisogea. Akamwambia shefu: kazi ine, saa mbili asubuhi, apewe muda wa saa moja. Shefu alinuna kama mutu aliyekanyagwa.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Ilunga alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia aniachie, nina kazi.

Kazi tatu, tarehe 18

Haiwezekani.

Nimejaribu juu ya mulango wa zamani wa banda la kuku. Nyekundu sawa. Manjano sawa. Mistari inanona. Ukutani nilikuwa na siku mbili na hakuna aliyeniangalia. Kesho nina muda wa saa moja tu na watu wamesimama juu ya kichwa changu. Nikiharakisha, kidole kinateleza, mustari unagusa jirani yake. Mistari ikinona manjano inazama. Nimetembea mpaka barabarani nikageuka. Tope. Nikafuta, nikaanza upya. Tope. Mara ya tatu sikutembea hata kutazama.

Mbuyi alikuwa amesimama mulangoni, sijui tangu saa ngapi. Alitazama vidole vyangu, akatazama macho yangu.

"Tangu wakati gani, Mama?"

Nikamwambia atazame chungu chake kinaungua. Hakikuungua.

Naogopa. Sijaandika neno hilo katika daftari hili tangu mume wangu alazwe. Kama nikishindwa kesho, sitakuwa mama wa mwizi tu. Nitakuwa kikongwe aliyeleta vituko mbele ya ofisi, na mwanangu atapoteza kazi kwa sababu mama yake hakutaka kusema haoni.

Nimepaka ubao mupya, nyekundu na miraba miwili ya manjano. Ukauke. Mistari kesho mbele yao.

Kazi ine, tarehe 19

Naandika na mikono bado ina makala.

Lupango ya ofisi ilijaa. Hata waliotuachia benchi kanisani walikuja. Nikaweka ubao juu ya meza fupi, mabeseni matatu chini. Shefu akachovya kidole katika kila beseni, akanusa. Nikamwambia anuse tena. Rangi ya bidoni inanuka mafuta. Yangu inanuka shimo.

Nikapiga magoti. Mustari wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu nikasikia unyevu chini ya kidole, maana yake umegusa wa pili. Nikafuta. Nikarudia. Ukagusa tena. Shefu akatazama saa yake, halafu akamutazama mukubwa, kama kusema unaona.

Hapo Mbuyi akatoka katikati ya wanawake. Akafunga kitenge, akapiga magoti kando yangu, akachukua nyoya la pili kwenye beseni. Nilitaka kumufukuza. Mulango wa midomo ulikuwa wazi tayari. Akasema chini chini, miye tu nisikie:

"Mama, hesabu tu. Miye nitatia."

Akaweka kidole kidogo cha kushoto pale ninapoweka miye. Vilevile, kimepinda vilevile. Nikahesabu. Mustari, nafasi. Mustari, nafasi. Moja kwa moja, kama uzi. Miaka kumi amepita na ndoo yake nyuma ya mugongo wangu. Nilifikiri anadharau. Alikuwa anaangalia.

Shefu akasema watu wawili si mapatano. Mukubwa akagonga fimbo chini, mara moja. Tukaendelea.

Tulipomaliza nikasimama, tukausimamisha ubao ukitazama barabara. Goti lililia, nikakohoa ili wasisikie. Nikamwambia shefu: "Sitwayen, tosha miwani." Watu wakacheka, wake kwa waume. Akatoa. Macho yake madogo, mekundu, kama ya mutoto aliyeamshwa. "Sasa tembea mpaka ku mulango ya barabara. Usigeuke mpaka nikuambie." Mukubwa naye akaenda, fimbo na goti. Wafanyakazi wakafuata. Umati mzima ukanipa mugongo.

Nikakaa kidogo. Sina haraka.

"Geukeni."

Nilisikia mutu mumoja akisema "mama yangu", basi. Toka pale nilipokuwa, nyuma ya ubao, sikukiona, lakini niliziona nyuso zao na nilijua kijani kimefika. Mukubwa akaanza kurudi, hatua, fimbo, hatua. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaja tena. Shefu alikwenda na kurudi mara ine. Mara ya mwisho akagusa ubao, akatazama kidole chake, akakipangusa kwenye suruali.

Mukubwa aliniuliza: "Sasa, Mama, vert iko wapi?"

Nikamwambia: "Iko kwako. Ku ubao yangu akuna."

Tukarudi kwa miguu, Mbuyi na miye, kila mutu na beseni lake kichwani. Sikumushukuru. Nilimwambia alishika nyoya vizuri. Alielewa.

Posho, tarehe 21

Ilunga amerudishiwa funguo. Barua nyingine, na muhuri. Ameisoma mara mbili kwa sauti, watoto wakapiga makofi.

Walinzi sasa wanazunguka muji wakisogelea kila mulango wa kijani mpaka pua. Kwenye baa anakokunywa shefu wamekuta mulango kijani mbali, kijani karibu, na unanuka mafuta. Yatakuwaje sijui. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Mukubwa amekuja mwenyewe na fimbo yake kuniambia jambo lingine. Wakubwa wa Kinshasa wanakuja, nyumba zote lazima ziwe nyeupe, na yangu pia. Alisema akitazama chini. Nikamuuliza kama ameona anachofunika. Akasema ameona. Nikamwambia basi walete chokaa yao. Baridi ijayo miye nitachunga udongo tena.

Ameomba ubao auweke ofisini. Nimemupa. Nimemwambia autundike mbali na meza, ukuta wa mwisho, mutu auone akiingia mulangoni. Na kando ya nyekundu asiweke picha yoyote, itaua kijani. Alirudia maneno yangu kama mwanafunzi.

Siku ya Mungu, tarehe 29

Nyumba ni nyeupe. Wageni walipita kwa magari asubuhi, hawakupunguza mwendo.

Benchi kanisani lilijaa. Nilitandaza kitenge nikachukua nafasi ya watu wawili.

Baada ya chakula Mbuyi aliniita nyuma, kwenye ukuta wa jikoni, ambao hauonekani na wakubwa. Amepaka muraba mumoja. Nyekundu kuzunguka, manjano, mistari. Sikumutuma. Udongo amechunga mara tatu, nilipitisha mukono nikajua.

Nikavuta kiti mpaka magoti yakagusa ukuta. Nikatazama. Mistari sikuiona hata mumoja. Niliona kijani. Pua karibu na ukuta, kijani, kimetulia, hakikimbii. Mama yangu naye siku za mwisho alikuwa anakaa hivi, uso ukutani, saa nyingi. Tulisema amechanganyikiwa.

Nikapitisha kidole polepole, toka wa kwanza. Yote ipo, myembamba.

Nikamwambia wa sita umenona. Akachukua nyoya langu, akaufuta, akaurudia.